Jeni Iliyonyimwa Usingizi

Mtu akiambiwa mwanawe ana saratani ya damu, hapa Kigoma swali la kwanza mara nyingi si kama atapona. Ni "Ameitoa wapi?" Nimeulizwa hivyo kwenye dirisha la maabara, nimeulizwa sokoni Mwanga, nimeulizwa na wazee ninaowaamkia shikamoo, wakiwa wameshika tama. Na swali halijaisha, mashtaka yako tayari: mama alikula nini akiwa mjamzito, baba alimdhulumu nani, jirani alitamka nini siku ile ya msiba. Kwa aina moja ya saratani hiyo, lukemia kali ya seli T, jibu limeshapatikana kwa sehemu kubwa. Halimtaji mama wala jirani. Linahusu jeni nzima, isiyo na kasoro, ambayo ilipaswa kunyamaza ikaendelea kusema.

Mimi ni mtu wa hadubini. Kutwa nzima natafuta malaria, kama maabara yoyote ya mkoa huu, na seli za lukemia hunijia bila taarifa. Kijana ninayetaka kumzungumzia alikuwa na miaka 11, ametoka vijiji vya njia ya Kasulu, na cheti chake kiliandikwa B/S na Widal, vipimo vya malaria na taifodi, kama vyeti vingine vyote vya siku ile. Alikuwa ameshatibiwa malaria, ametibiwa taifodi, ameongezewa damu, na mahali fulani akapewa vidonge vya pumu kwa sababu alikuwa anakohoa na kifua kinalia. Mama yake akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye cheti: mtoto halali tena chali. Analala amekaa, mgongo wake kwenye mgongo wa mama, hivyo hivyo mpaka kunakucha.

Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Nikatandaza tone la damu kwenye slaidi, nikaliacha likauke, nikalipaka rangi ya Giemsa, nikaweka mafuta na kushusha lenzi ya 100. Kwa kawaida unachokiona hapo ni seli nyekundu tele, na nyeupe moja moja zimetawanyika. Safari hii nyekundu zilikuwa chache na zimepauka, na katikati yake zimesongamana seli kubwa za zambarau, kila moja kiini chake kimeijaza mpaka ute umebaki ukanda mwembamba wa bluu pembeni. Ndani ya viini vile mlikuwa na madoa mepesi, mawili au matatu. Watu wa maabara tunaziita blasti. Ni seli changa, na hazitakiwi kuwa zinazunguka kwenye mishipa ya mtoto kwa wingi ule. Nilimwita daktari aje ajionee mwenyewe. Eksirei ya kifua ikaonyesha kivuli kipana katikati, nyuma ya kidari, kimeibana njia ya hewa. Ndiyo maana alikuwa halali chali.

Nyuma ya kidari, juu kidogo ya moyo, ndipo ilipo tezi ya thaimasi. Kwa mtoto ni kubwa. Kwa mtu mzima husinyaa na kuwa mafuta. Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani haina kazi ya maana, mpaka mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alipoitoa kwa panya wachanga akakuta hawana tena uwezo wa kujikinga na maradhi. Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa zikaingia humo, na zinazofuzu hutoka zikiwa seli T, askari wa damu. Kufuzu ni shughuli. Kila seli lazima itengeneze kipokezi chake chenyewe, tofauti na cha mwenzake, na ili ikitengeneze inabidi ikate DNA yake na kuiunga upya kwa mpangilio mwingine. Zaidi ya tisa katika kumi hufia humo humo kwa kukosa sifa. Fikiria sasa: mamilioni ya seli zinazaliana kwa kasi, na kila moja inakata maandishi yake yenyewe. Ajabu ni kwamba mambo huharibika mara chache hivyo.

Seli ya ini, ya ngozi na seli T zote zina DNA ileile, herufi zipatazo bilioni 3. Zinatofautiana kwa kile kinachosomwa. Sehemu zenye maelekezo ya kutengeneza protini, zile tunazozizoea tukisema jeni, hazizidi sana asilimia 2 ya maandishi hayo yote. Kwenye sehemu inayobaki ndimo zilimo amri: vipande vifupi vinavyoamua jeni ipi iwashwe, ndani ya seli gani, kwa muda gani. Protini maalumu huvishika vipande hivyo, na jeni husika ikaanza kusomwa. Vipande vinavyochochea, ambavyo nitaviita vichocheo, vinaweza kuwa mbali sana na jeni vinayoiamrisha. DNA hujikunja mpaka vikakutana.

Chukua jeni iitwayo TAL1. Si jeni mbaya. Bila hiyo hakuna damu: panya aliyenyimwa TAL1 hufa angali tumboni kwa kukosa damu kabisa. Inawaka kwenye seli mama za damu, inaendelea kuwaka kwenye zile zitakazokuwa seli nyekundu, na seli inaposhika njia ya kuwa seli T, inazimwa. Kwa wagonjwa wa lukemia kali ya seli T, kati ya asilimia 40 na 60 hukutwa TAL1 inawaka. Na maelekezo ya protini yake hayana kosa. Yaandike yote uyaweke mbele yangu, sitakuta tofauti na yako wewe unayesoma hapa.

Nikieleza watu, mfano wangu ni wa umeme. Nyumba ina nyaya nzuri, taa nzima, mita na swichi zake. Usiku mtu anavuta waya kutoka kwenye nguzo moja kwa moja hadi kwenye taa, bila kupita mita wala swichi. Taa ni ileile. Lakini sasa inawaka usiku na mchana, na ukibonyeza swichi ya ukutani hakuna kinachotokea.

TAL1 huvutiwa waya kwa njia zaidi ya moja. Kwa wagonjwa wachache, kipande cha kromosomu ya 1 hukatika na kuungana na kromosomu ya 14, jirani kabisa na jeni za kipokezi cha seli T, ambazo ndani ya thaimasi huwaka muda wote. Kwa wengine zaidi, kipande cha kama herufi 90,000 hivi hukatwa na kupotea kati ya TAL1 na jirani yake aitwaye STIL. Jirani huyo huwaka kwenye seli T, na pengo likishazibwa TAL1 inajikuta chini ya amri zake. Ukataji huo hufanywa na vimeng'enya vilevile vinavyokata DNA kwa ajili ya kutengeneza kipokezi, safari hii vikiwa vimekata pasipo pake. Kazi halali ya seli, mahali pasipo halali.

Njia nyingine ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna seli zinaitwa Jurkat. Zilitoka kwenye damu ya mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na ugonjwa huu, miaka ya 1970, na tangu wakati huo zinakuzwa kwenye maabara duniani kote. Mengi tunayoyajua kuhusu namna seli T inavyopokea ishara yamesomwa kwenye seli hizo. TAL1 inawaka ndani yake, na kwa miongo kadhaa haikujulikana kwa nini. Mwaka 2014 Marc Mansour, Thomas Look na wenzao wakachapisha jibu. Umbali wa herufi kama 7,500 kabla ya TAL1 kuanza, mahali pasipo na maelekezo ya protini yoyote, palikuwa pameingia herufi 12 zisizokuwa zake. Herufi 12 ndani ya bilioni 3. Wakapima na wagonjwa, wakakuta baadhi yao wana nyongeza mahali palepale, wengine herufi 2, wengine mpaka 18. Nyongeza hizo zikisomwa pamoja na herufi zilizokuwapo zinaunda alama ambayo protini iitwayo MYB huitambua na kuishika. MYB ikishakaa huvuta protini nyingine nyingi, na pale palipokuwa kimya panazuka kichocheo kikubwa ajabu, chenye nguvu ya kuiwasha TAL1 bila kikomo.

Kazi yangu ni kutafuta kasoro kwa macho: umbo, rangi, ukubwa. Nilikuwa nimezoea kufikiria kansa kuwa ni kitu kilichovunjika. Kujua kwamba mtoto anaweza kufikishwa pale kwa herufi zinazotosha neno moja tu, zilizoingia mahali ambapo watafiti walikuwa hawana sababu ya kuangalia, kumenibadilisha namna ninavyoitazama ile zambarau kwenye slaidi. Kila seli ninayoiona pale inatii amri. Amri yenyewe ndiyo iliyokosewa anwani.

Ikishawaka, TAL1 haibaki peke yake. Inashikamana na protini nyingine, zikiwemo GATA3, RUNX1 na MYB yenyewe, na kila moja inasaidia kuwasha jeni za wenzake. Mzunguko huo ukishaanza unajiendesha. Seli imekwama katikati ya safari: si seli mama tena, wala haijawa seli T kamili, na kazi iliyobaki ni kujigawa.

Hata hivyo TAL1 pekee kwa kawaida haitoshi kuleta ugonjwa. Ipo NOTCH1, protini ya kwenye utando wa seli, ambayo ndani ya thaimasi huipa seli changa ishara ya kufuata njia ya seli T. Hiyo nayo ni ishara halali inayotakiwa ikome baada ya muda. Mwaka 2004 ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wana mabadiliko kwenye NOTCH1 yanayoifanya ishara isikome, na moja ya jeni inazozichochea ni MYC, inayosukuma seli kukua. Hapa, tofauti na TAL1, herufi za jeni yenyewe ndizo zimeguswa. Wengi pia wamepoteza CDKN2A, jeni inayozuia seli kujigawa hovyo. Dawa za kuzima NOTCH zilijaribiwa, na shida ikaonekana upesi: utumbo nao unahitaji ishara hiyohiyo, ukiizima mwilini mzima mgonjwa anaharisha vibaya. Ndiyo tabu ya ugonjwa unaotumia vitu halali.

Ushahidi mzito kuliko wote ulipatikana Paris, na ulipatikana kwa uchungu. Katika hospitali ya Necker, Alain Fischer na Marina Cavazzana-Calvo waliwatibu watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili, watoto ambao mafua tu yangeweza kuwaua. Walichukua seli za uboho wao, wakaziingizia jeni waliyokosa kwa kutumia virusi vilivyofanywa visiweze kuzaliana, wakawarudishia. Mwaka 2000 walitangaza kwamba imefanikiwa. Watoto walitoka kwenye vyumba vya kutengwa, wakarudi nyumbani. Kisha, baada ya miaka miwili mitatu, baadhi wakaanza kuumwa lukemia ya seli T. Watoto 4 Paris, na mmoja kwenye jaribio kama hilo London. Mmoja kati ya hao akafariki. Walipochunguza seli za wale wa mwanzo, walikuta virusi vimejipachika jirani na jeni iitwayo LMO2, ambayo protini yake ni mshirika mkubwa wa TAL1. LMO2 haikuwa imevunjwa. Virusi vilikuja na kichocheo chao chenye nguvu, vikatua karibu nayo, ikawaka. Baada ya hapo wataalamu walitengeneza virusi vya kubebea jeni vilivyoondolewa vichocheo hivyo vikali, na tiba ya namna hiyo ikaendelea kwa uangalifu zaidi. Nikiwafikiria wazazi wale, waliofurahi kisha wakaitwa tena hospitali, nakosa la kusema.

Watu wazima wana lukemia nyingine ya seli T inayoletwa na virusi viitwavyo HTLV-1, ambavyo hupita kwenye damu, kujamiiana na maziwa ya mama, na wengi walionavyo hawaumwi maisha yao yote. Hiyo ina habari yake. Naitaja ili isichanganywe na hii ya watoto.

Mjomba wa yule kijana, mwalimu mstaafu, alinisubiri nje jioni moja. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama wadogo wa mgonjwa nao wapimwe, na kama upande wa mama kuna kitu kwenye damu yao. Nikamwambia, "Hapana, mwalimu. Mtoto hakuirithi. Imetokea kwenye seli moja ya mwili wake, nyingine zote ni salama." Nikamweleza kuhusu thaimasi, kukata na kuunga, herufi zinazoingia pasipo pake. Hakuna chakula cha ujauzito kinachojulikana kuandika herufi 12 mahali pale, na hakuna neno la mtu linaloweza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi alikokuwa dada yake. Alimwambia kitu kwa Kiha, kirefu kidogo. Siyaandiki maneno hayo, ni yao. Ila nilimwona yule mama, kwa mara ya kwanza tangu waje, amevua kanga kichwani akaifunga upya vizuri.

Sasa niseme la kazini kwangu, maana linaniuma. Mtoto mwenye homa zisizoisha, anayepauka, anayetokwa na damu ya fizi au madoa kwenye ngozi, mwenye mitoki shingoni na kwapani isiyouma, mwenye kikohozi na asiyeweza kulala chali, huyo asiandikiwe tena dozi nyingine ya malaria bila kipimo. Apimwe FBP, yaani hesabu kamili ya seli za damu, na mashine ikitoa namba za ajabu mtu akae kwenye hadubini atazame slaidi. Apigwe eksirei ya kifua. Na kabla ya hapo, jamani, asipewe prednisolone, ile steroidi inayotolewa pia kwa pumu. Steroidi huziua blasti kwa muda: mitoki inanywea, pumzi inarudi, nyumba nzima inamshukuru Mungu, na wiki chache baadaye ugonjwa unarudi, safari hii vipimo vimeshavurugwa na seli zilizobaki ni zile sugu. Zile dawa zenye nafasi kubwa kwenye tiba yenyewe zinatumika ovyo kwenye kikohozi. Yule kijana wetu alizipata hivyo, na ilimchelewesha.

Tiba ipo. Katika nchi zenye uwezo zaidi ya watoto 8 katika 10 wenye lukemia hii huwa hai miaka mitano baadaye. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alipochapisha habari za dawa ya kwanza iliyorudisha nyuma lukemia ya watoto, nafuu yenyewe ilikuwa ya miezi tu. Leo dawa hutolewa kwa pamoja: steroidi, vinkristini, asparajinasi, methotreksati ambayo nyingine huchomwa kwenye uti wa mgongo kwa sababu blasti hujificha kwenye ubongo. Vinkristini hutolewa kwenye mmea wenye asili ya Madagaska, yale maua ya waridi na meupe ambayo watu huku wanapanda mbele ya nyumba. Usiyachemshe. Dawa ni sehemu ndogo mno iliyochujwa na kupimwa kwa umakini, na mmea wenyewe una sumu.

Na wapo wanaoanza kuitumia elimu hii ya kuandika upya DNA kwa faida ya wagonjwa. Mwaka 2022, katika hospitali ya Great Ormond Street London, msichana wa miaka 13 ambaye lukemia yake ya seli T ilishashindikana kwa dawa na kwa kupandikizwa uboho alipewa seli T za mtu mwingine zilizobadilishwa herufi moja moja, bila kukata DNA, ili ziwinde seli T zenye ugonjwa zisishambuliane zenyewe kwa zenyewe. Ugonjwa ukafutika kiasi cha kumwezesha kupandikizwa tena. Miaka 22 tu baada ya lile tangazo la Paris.

Kwetu kazi kubwa bado ni kufika na kumaliza. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Kutoka hapa mtoto hupelekwa Bugando, Mwanza, basi linapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi ndipo mkutane na barabara ya Geita; au hupanda treni mpaka Dar es Salaam kwenda Muhimbili. Matibabu ni ya miaka miwili hadi mitatu. Miezi ya mwanzo ni ya wodini, na hiyo familia nyingi huivumilia. Wanapokatikia njiani ni baadaye, mtoto akiwa amenenepa, nywele zimeota, anacheza mpira, na nauli ya kliniki inashindana na ada na mbegu.

Kipindi hicho ni cha vidonge nyumbani. Mercaptopurine ni kila siku, methotreksati ni mara moja kwa wiki, na kuzichanganya hizo mbili ni hatari, kwa hiyo andikeni siku ya methotreksati ukutani kwa chaki. Mtoto akipata homa katika kipindi hiki apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mseme mlangoni kwamba yuko kwenye dawa za saratani. Na nauli ikikosekana, pigeni simu kliniki kabla vidonge havijaisha. Wauguzi wa huko wamezoea simu hizo. Mara nyingine wana njia ya kuwasaidia, lakini wasaidie nani kama hamjapiga?